Chini ya nini?

SWALI: Mimi ni fundi redio hapa Bagamoyo. Kijitabu kimoja cha mafunzo kinasema kwamba katika matangazo ya FM hujificha "mawimbi ya chini", ndiyo yanayoleta jina la stesheni kwenye kioo cha redio ya gari. Hicho ni Kiswahili?

JIBU: Si Kiswahili, fundi, wala si ufundi. Kijitabu kimetafsiri "subcarrier" ya Kiingereza, wimbi dogo linalobebwa na kubwa, kikaifanya "sub" kuwa "chini". Sauti tunayoisikia kwenye FM huishia kilohezi 15, yaani mitetemo elfu kumi na tano kwa sekunde. Wimbi lenye jina la stesheni limekaa kilohezi 57, mara tatu kamili ya ule mlio wa kilohezi 19 unaoiongoza redio kutoa stirio. Sasa nani yuko chini ya nani?

Hii "chini" imenikaa kooni siku nyingi. Mtuhumiwa hachunguzwi tena, yuko "chini ya uchunguzi". Tamasha halidhaminiwi, liko "chini ya udhamini". Juzi nimekuta kibao: "Barabara hii iko chini ya matengenezo." Nikashuka baiskeli, nikatazama juu. Sikuona matengenezo yaliyoning'inia. Yalikuwa pale pale barabarani: kifusi, koleo mbili, na vijana watatu wanakunywa chai kivulini. Hao angalau walikuwa chini ya mwembe. "Barabara inatengenezwa" ni maneno mawili, tena rangi ya kibao ingebaki.

Hiyo "sub" hapa ni udogo, na udogo haujawahi kutushinda. Mto ukiwa mdogo ni kijito, mji ukiwa mdogo ni kijiji. Wimbi kubwa linalobeba matangazo tuliite mpagazi; mji huu hauhitaji kufunzwa mpagazi ni nani, pembe za ndovu kutoka bara zilishukia hapa mabegani mwa watu. Basi lile dogo lililodandia ni kipagazi, wingi vipagazi. Asili ni pagaa, kubeba begani, na ndugu yake ni pagawa, kupandwa na pepo. Naona linafaa: redio inaimba taarabu, kumbe kichwani ina mgeni asiyesikika.

Televisheni ya analojia nayo ilipagawa. Katika PAL, mfumo mmojawapo wa televisheni ya rangi, rangi ilipanda kipagazi cha megahezi 4.43, na seti za nyeusi na nyeupe zikaendelea kuonyesha picha kama hazina habari.

Hilo "hujificha" nalisamehe kwa leo, ingawa jina linalowaka kiooni mbele ya dereva sijui limejificha wapi.