Lita Sita, Watu Wanne

SWALI: Naandika riwaya fupi. Mashua imezimika injini katikati ya bahari, ndani wamo watu wanne, maji yanakwisha. Nahodha anatakiwa aamue kama amnyime maji mzee aliye mahututi. Kila anayenisomea anauliza, "Kwani hawakuweza kukinga mvua?" Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yetu, wanaokusomea hawakuonei. Umewaachia mlango wazi, nao wametoka.

Anza na kipimo. "Maji yanakwisha" hayamkaushi mtu koo, andika lita. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka chelezo cha kujiokolea, ile mashua ya kupulizwa ya dharura, kiwe na lita 1.5 za maji kwa kila mtu. Basi wape watu wako lita sita kwenye dumu, halafu dumu lipasuke chini usiku wa pili, zibaki tatu. Mpe nahodha kikombe kidogo cha kahawa, chenye alama ya kucha chini kidogo ya ukingo. Msomaji akishajua alama ilipo, siku nahodha atakapomimina na kuipita kidogo kwa mwanawe, huna haja ya kueleza kitu.

Sasa funga milango. Mvua inyeshe, lakini kwa robo saa, juu ya turubai lililoganda chumvi: maji ya kwanza hayanyweki, na yanapoanza kuwa matamu wingu limeshapita. Samaki wapatikane, ila mwili unahitaji maji kuvunja protini na kutoa taka zake, kwa hiyo shibe inaongeza kiu. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, na figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kiasi hicho. Anayeyanywa hupoteza maji mengi kuliko aliyoingiza. Usiyaseme haya kwa mdomo wa daktari aliyetokea abiria kwa bahati. Kijana mmoja anywe, watu wamwone.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni huyo mzee. Mtu ambaye atakufa kesho hata akinyweshwa anamrahisishia nahodha kazi. Mfanye awe dhaifu, lakini awe peke yake anayejua nyota. Hapo kumnyima ni hasara, na kumpa ni hasara.

Ukitaka kuona mtanziko uliokaza kweli, tazama mkasa wa boti ya matanga Mignonette ya Uingereza. Ilizama Julai 1884 katika Atlantiki ya Kusini, ikielekea Australia. Watu wanne waliingia kwenye kidau cha kama mita nne, na makopo mawili ya mboga, bila maji. Walikamata kasa mmoja. Richard Parker, mtumishi wa boti mwenye miaka 17, aliugua baada ya kunywa maji ya bahari. Kura ya nani auawe ili wenzake wamle ilizungumzwa, haikupigwa. Nahodha Tom Dudley akamuua kijana, msaidizi wake Edwin Stephens akiwa ameafiki. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba wao wana wake na watoto, na Parker ni yatima. Siku kama nne baadaye meli ikatokea.

Wengi wanaoiga mkasa huu humng'ang'ania Dudley. Sisi tungemfuata Edmund Brooks, mtu wa nne kidauni. Hakukubali kijana auawe, lakini nyama alikula. Alikamatwa pamoja na wenzake, lakini akaachiwa, akasimama mahakamani kama shahidi.

SWALI: Je, meli ije kabla nahodha hajaamua? (Huyo huyo)

JIBU: Hapana. Ikija mapema umemnyang'anya uamuzi wake, na msomaji atakudai. Ije baada ya tendo, na isiwe ukurasa wa mwisho. Dudley na Stephens walifika Falmouth wakasimulia wazi walichofanya, wakiamini desturi ya mabaharia inawalinda. Mahakama ikakataa kwamba shida inahalalisha kuua asiye na kosa, ikawahukumu kifo. Adhabu ikapunguzwa hadi kifungo cha miezi sita. Kwa hiyo tenga walau robo ya riwaya kwa ajili ya nchi kavu. Nahodha wako ashuke bandarini na kile kikombe mfukoni, na binti wa mzee awe wa kwanza kumpokea, akiwa amemletea maji.