Paka wangu hatoki nje: dawa za minyoo na viroboto nipunguze au niendelee?

SWALI: Habari za kazi daktari. Ninaishi Upanga, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu. Nina paka jike wa miaka mitatu, amefungwa kizazi, na tangu nimchukue akiwa mdogo hajawahi kutoka mlangoni. Anakula chakula cha pakiti, siku nyingine dagaa wa kuchemsha. Kila miezi mitatu nampa dawa ya minyoo, na kila mwezi nampaka matone ya viroboto. Sijawahi kuona mnyoo wala kiroboto. Je, natupa hela? Ninaogopa kuacha kwa sababu nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na kila anakokwenda paka naye yuko nyuma yake.

JIBU: Salama dada. Hutupi hela, ila kuna dawa moja unayoweza kuipunguza na nyingine ambayo nakuomba usiiache kwanza. Ungekuwa umekaa mbele yangu na paka kwenye kikapu ningekuuliza mambo mawili. Kwenye ngazi za jengo lenu wanalala paka wa mtaani? Na huyu wako anakamata mijusi?

Kwa majengo mengi ya Upanga ninayoyafahamu, jibu ni ndiyo kwa yote mawili. Mlango umemzuia paka wako kutoka, haujawazuia wengine kuingia.

Tuanze na viroboto. Paka wa mtaani akilala kwenye mkeka wako wa mlangoni, anaacha mayai. Kiroboto jike aliyeshiba damu hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, na mayai hayo hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka popote mnyama alipojilaza. Yanatoa mabuu, mabuu wanajifungia kwenye kifukofuko kilichojaa vumbi, na humo kiroboto anaweza kungoja miezi hadi asikie joto na mtikisiko wa kiumbe anayepita. Anayepita ni wewe unayerudi kazini, na kiroboto anaingia ndani na pindo la nguo yako. Wale wazima wanaoonekana mwilini mwa paka ni kama 5 katika kila 100. Waliobaki, yaani mayai, mabuu na vifukofuko, wako sakafuni, chini ya zulia na kwenye mikunjo ya kochi. Na huku Pwani joto na unyevu ni vya mwaka mzima, kwa hiyo yai linaweza kuwa kiroboto kamili ndani ya wiki tatu au nne, Januari na Julai sawasawa.

Unasema hujamwona hata mmoja. Hilo peke yake halinitoshi, kwa sababu paka hujilamba kutwa nzima na viroboto wengi anawameza kabla hujawaona. Fanya jaribio hili leo jioni. Chukua kitana cha chawa, mchane kuanzia kiunoni hadi kwenye shina la mkia. Ukipata punje nyeusi zinazofanana na pilipili manga iliyosagwa, ziweke kwenye tishu nyeupe iliyolowa maji na usubiri kidogo. Zikitoa wekundu wa kutu, hayo ni mavi ya kiroboto, yaani damu ya paka wako. Zikibaki nyeusi, ni vumbi tu.

Kiroboto ananisumbua mimi kuliko wadudu wengine kwa sababu ya tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni. Buu wa kiroboto hula mayai ya tegu sakafuni, anakua nayo, halafu paka akijilamba anameza kiroboto na tegu wake humo humo. Baada ya wiki tatu hivi utaona vipande vyeupe kama punje za wali karibu na mkundu wa paka au mahali anapolala. Vikiwa vibichi hujinyonganyonga. Mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya naye anaweza kupata tegu huyo. Watu wengi huniletea paka wakilalamika kwamba "dawa ya minyoo haifanyi kazi". Nikiangalia chupa nakuta pyrantel, ambayo haimgusi tegu kabisa. Tegu anataka praziquantel. Na hata ukimpa hiyo, inasafisha waliopo siku hiyo tu; viroboto wakibaki ndani, mwezi ujao uko pale pale.

Minyoo wengine ni wale warefu wanaofanana na tambi. Paka wengi huwapata utotoni kwenye maziwa ya mama, na ndiyo maana mtoto wa paka hupewa dawa kuanzia wiki ya tatu, kila wiki mbili hadi wiki mbili baada ya kuacha kunyonya, kisha kila mwezi hadi atimize miezi sita. Huyu wako amepita umri huo. Njia kubwa iliyobaki kwake ni kula kiumbe aliyebeba viluwiluwi vya minyoo hao: panya, mende, au yule mjusi kafiri anayezunguka taa ya jikoni.

Sasa uamuzi. Baraza la Ulaya la vimelea vya wanyama wa nyumbani, ESCCAP, linasema paka asiyetoka kabisa apewe dawa ya minyoo au apimwe choo mara moja au mbili kwa mwaka, na anayetoka angalau mara nne. Ni ushauri mzuri, lakini umeandikiwa nyumba za kule, ambako paka wa ndani hawindi mijusi ukutani. Kwa hiyo kama wako anawinda, baki kwenye miezi mitatu. Kama hawindi, peleka choo kipimwe mara mbili kwa mwaka na umpe dawa pale kipimo kitakapodai. Matone ya viroboto endelea nayo madhali paka wa ngazini wapo.

Kuna msomaji atakayeuliza kuhusu mbu. Marekani, minyoo wa moyo wanaoenezwa na mbu ni sababu kubwa ya madaktari kuandika dawa ya kila mwezi hata kwa paka wa ndani. Huku kwetu nako mbu hubeba minyoo ya paka: mwaka 1958 wataalamu walieleza aina mpya waliyoikuta kwenye mishipa ya limfu ya paka, mbwa na kanu wa kisiwa cha Pate, Lamu, na leo inaitwa Brugia patei. Mimi siandiki dawa kwa ajili ya huyo, kwani paka wengi huishi naye bila kuugua. Weka wavu wa dirishani, utakufaa wewe na mtoto pia.

Kuhusu mtoto: ondoa mavi kwenye trei la mchanga kila siku, bila kuruka. Mayai ya minyoo ile mirefu huhitaji wiki kadhaa ndipo yaambukize, na vimelea vya toksoplasma, vinavyotoka kwenye choo cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, huhitaji angalau siku moja. Ukiwahi, umewakatiza wote. Dawa ya minyoo haitibu toksoplasma, kwa hiyo ukipata ujauzito tena, mwachie mwenzako kazi hiyo ya trei, na usimpe paka nyama mbichi.

Sasa jambo ninaloliogopa kuliko minyoo yote. Usimpake paka dawa ya mbwa, hata tone moja, hata kama picha kwenye boksi ina mbwa mdogo kuliko paka wako. Nyingi zina permethrin, sumu ya wadudu, na ini la paka haliwezi kuivunja. Niliwahi kuletewa paka amefungwa kwenye kitenge, masikio yanacheza, mate yanamtoka, miguu inatetemeka kama ana baridi kali. Muuza duka alikuwa amemgawia mwenye paka nusu ya bomba la mbwa wa kilo 20. Alipona baada ya siku mbili za dripu na dawa za kutuliza mshtuko, lakini sikulala usiku ule. Ikikutokea, muoshe mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mkimbize kwa daktari.

Vivyo hivyo ivermectin ya sindano ya ng'ombe. Ile ya asilimia 1, mililita moja ni kipimo cha mnyama wa kilo 50. Paka wa kilo nne angehitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya mililita, na ukikosea kidogo tu umemzidishia mara kadhaa. Kataa ukiuziwa. Nunua dawa iliyoandikwa ni ya paka, na umpime uzito kwanza: panda mzani naye mkononi, kisha panda peke yako, utoe.

Niandikie kama kwenye ngazi zenu hamna paka hata mmoja na kitana kikatoka kisafi wiki nne mfululizo. Hapo tutazungumza kuhusu kupumzisha matone.