Jongoo bahari na maji ya Ziwa Victoria: jibu langu kwa msomaji wa Igombe

Juzi msomaji wa Igombe kaniuliza: "Kaka, naweza kuweka jongoo bahari chini ya kizimba changu cha sato?" Jongoo bahari ni mnyama laini wa chini ya bahari, mwenye umbo la tango. Nimemjibu hapana, na najua wapo watakaoninunia tena. Kuna vijana wa hapa Mwanza niliowaambia hivyo hivyo, wakaniita mchoyo wa fursa, wakachangishana pesa wakampa mtu aliyejidai ana vifaranga "waliozoeshwa maji baridi", yaani maji yasiyo na chumvi kama ya ziwa letu. Simu yake haipatikani mpaka leo. Wenzangu hao wakiniona Kirumba wanavuka barabara, kana kwamba mimi ndiye niliyekula hela zao.

Mimi nilijilipia nauli hadi Unguja nikajionee. Kule Jambiani, maji yamekupwa, mama mmoja mkulima wa mwani alipapasa mchanga kwa vidole vya mguu, akainama, akaibuka na jongoo: mgongo wa kijivu wenye makunyanzi meusi, tumbo jeupe. Nilipomshika akanirushia maji kwa nyuma. Mama akacheka, "Huko ndiko anakopumulia, mwanangu!" Na ni kweli, huvuta maji kwa tundu lile lile la haja.

Huyo ndiye jongoo mchanga (jina la mchanga anamoishi, si la umri), kitaalamu Holothuria scabra, anayetafutwa sana na walaji wa China. Humeza mchanga, akafyonza mabaki ya viumbe yaliyomo, akautoa. Viluwiluwi wake huelea kama wiki 2, kisha hutua kwenye majani ya nyasi za baharini. Wakikua kidogo huhamia mchangani na kujifukia. Sasa niambie, nyasi hizo utazipata mwalo gani wa ziwa letu? Halafu mwili wake hauwezi kudhibiti chumvi. Mtie ziwani, maji yatamwingia, atavimba, atakufa. Ukoo wao wote, pamoja na kiti cha pweza, yule mwenye umbo la nyota, hauna hata mmoja anayeishi maji baridi popote duniani.

Kwa hiyo vijana, ulizeni kwanza! Mnyama anaishi wapi? Anakula nini? Bei ya jongoo huko Hong Kong mnaikariri kama sala, lakini chakula cha mnyama hamkijui. Ulizeni, narudia, ulizeni.

Mwenye nia kweli aende pwani siku za bamvua, maji yakikupwa sana, akague mchanga na nyasi, kisha aulizie vifaranga kituo cha kutotolesha cha Beit-el-Ras, Zanzibar. Wewe wa Igombe, endelea na sato wako.