Deksa imeshusha uvimbe, mbona chembe nyeupe zimepanda?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba alijikata na panga mguuni akifyeka shamba la mikorosho huku Tandahimba. Mguu ukavimba, akachomwa sindano ya deksa na ya diklofenaki dukani. Jioni uvimbe ulipungua. Usiku huohuo tulimpeleka kituo cha afya, chembe nyeupe za damu zikasoma 16,000. Muuzaji anasema hiyo ni kinga imepanda, arudie sindano. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na asirudie. Deksa, yaani deksamethasoni, ni steroidi: dawa inayoiga homoni ya mwili na kutuliza uvimbe.

Kawaida ya mtu mzima ni takriban 4,000 hadi 11,000, lakini kipimo huhesabu chembe zinazotembea na damu tu. Karibu nusu ya nyutrofili, zile chembe nyeupe zinazomeza bakteria, zilizomo mishipani huwa zimejibana kwenye kuta za mishipa, hazihesabiwi. Palipo na jeraha, ukuta ule hunata. Chembe hushika, husimama, kisha hupenya nje kwenda kumeza bakteria. Deksa huondoa kule kunata. Zilizojibana huachia, uboho wa mifupa nao humwaga nyingine, na ndani ya saa chache namba inapanda. Ni bodaboda zilizokatazwa kusimama: barabara imejaa, lakini abiria anayesubiri hapati hata moja. Huyo anayesubiri ndiyo mguu wa baba.

Sisemi kwamba hana maambukizi. 16,000 inaweza kuwa deksa, inaweza kuwa bakteria, inaweza kuwa vyote viwili, na namba peke yake haitenganishi. Waambie wahudumu alichomwa nini na saa ngapi, wakague kidonda chenyewe, na waulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Diklofenaki ni kundi jingine. Kazi yake kubwa ni kupunguza prostaglandini, kemikali zinazotanua mishipa na kuleta maumivu. Nayo haiui bakteria hata mmoja.

Kinachoniudhi ni hii imani kwamba uvimbe ukishuka, ugonjwa umekwisha. Uvimbe, joto na wekundu ni dalili kwamba mwili umefika kwenye jeraha. Ukiunyamazisha bila kutibu kilichouleta, usaha unaenda chini kwa chini, na mgonjwa analetwa hospitali ya Ligula au Ndanda mguu ukiwa umeshaoza, huku ndugu wakiapa kwamba "alikuwa amepata nafuu".

Mambo hayaishii kwenye vidonda. Kila mara naonyeshwa vidonge vidogo vyeupe ndani ya kimfuko kisicho na jina: vya mgongo, vya pumu, vya kunenepesha. Vingi ni deksa au prednisoloni, steroidi nyingine. Mtu anashangilia mashavu yamejaa, kumbe ni mafuta na maji, na sukari inapanda kimyakimya. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Hospitalini deksa ni dawa ya maana sana, inaokoa watu, lakini huko anayeitoa anajua anatibu nini na ataisimamisha lini. Muuzaji anayechoma deksa kila anayechechemea hajui, na anachukua hela ya mgonjwa kwa nafuu ya siku moja.

Anayemeza vidonge hivyo kwa wiki kadhaa sasa asiviache ghafla baada ya kusoma haya. Tezi zinazotengeneza ile homoni ambayo dawa hizi huiiga huwa zimelala, na kukatiza kunaweza kumwangusha. Aende hospitali na kile kimfuko mkononi, wampunguzie dozi hatua kwa hatua.