Naogopa maji na nimeokoka: jibu kwa ndugu aliyepinduka na basi

Mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili kabla ya kujibu. Kwa wanaoingia sasa hivi: basi alilopanda ndugu yetu lilipinduka mwaka jana. Yeye alitoka na mkono uliovunjika, wawili waliokaa kiti cha mbele yake hawakutoka. Tangu siku hiyo hajapanda gari. Kazini anakwenda kwa miguu saa nzima, na msiba wa babu yake kijijini ameukosa. Kanisani ameambiwa ana roho ya hofu, kwamba mwenye imani haogopi. Anauliza swali moja tu: je, wokovu wangu ni feki?

Wengi mmemjibu kwa mistari. Mistari ni mizuri, ila humu naona inarushwa kama mawe. Mimi nitasimulia yangu, maana hofu yangu ina umri mkubwa kuliko baadhi yenu.

Nimezaliwa Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Mei 1996 nilikuwa darasa la pili. Mama mdogo wangu alipanda MV Bukoba jioni ya tarehe 20, ana mikungu yake ya ndizi anaipeleka Mwanza. Asubuhi ya tarehe 21 meli ikapinduka, Mwanza ikiwa imeshaonekana. Walikufa mamia. Wa rika langu mtakumbuka ile habari ya kutoboa: watu walikuwa wanagonga kutokea ndani, wakatobolewa tundu ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini moja kwa moja. Habari hiyo niliisikia watu wazima wakiisimulia jikoni, wakidhani nimelala.

Mwili hatukuupata. Mama alikwenda Igoma, Mwanza, kwenye yale makaburi ya pamoja ya waliokufa, akachagua mahali akaweka maua. Akasema hapo patamtosha. Aliporudi akatoa sheria: hakuna mtoto wake atakayegusa ziwa. Na ziwa tulikuwa tunaliona kutoka uani! Tukienda Mwanza tulizungukia Kahama na Shinyanga, kwa sababu njia fupi ya Geita ilikuwa na kivuko pale Busisi. Mwendo wote ule kukwepa maji ya dakika chache. Hakuna aliyewahi kumwuliza Mama kwa nini.

Nikaokoka 2005, niko sekondari, kwenye UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo. Nilidhani hofu itaondoka pamoja na yale mengine niliyoyatubu. Kama iliondoka au haikuondoka sikujua, maana sikuwa na pa kuipimia. Nilipangiwa kufundisha Kongwa, ambako hata maji ya kunywa ni ya kutafuta. Kongwa nilikuwa jasiri sana. Niliongoza maombi, nilikemea, nilishuhudia, na kwenye vikao vya maombi mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wenzangu kwamba mwenye imani haogopi. Kwa hiyo mkuu, aliyekuambia maneno hayo namfahamu vizuri. Nimewahi kuwa yeye.

Kisha nikaolewa na mtu wa Nansio, na mapema 2019 ukatoka uhamisho wangu wa kumfuata mwenza. Ukerewe, kisiwa cha ziwa lilelile, ndiko Nansio iliko. Miezi michache tu kabla ya hapo, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwa jirani cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Barua ya uhamisho niliisoma nimesimama, nikaimalizia nimekaa.

Nikaomba mkesha wa maombi. Walinizunguka, wakakemea roho ya mauti ya majini, nikaanguka, nikainuka, nikatoa ushuhuda kwamba nimefunguliwa. Sisemi walikuwa waongo, walinipenda. Siku chache baadaye nilikuwa bandarini Mwanza na tiketi mkononi. Naikumbuka ile tiketi kwa sababu jasho liliifuta maandishi mpaka karani wa getini akaniuliza imelowaje. Abiria wakapanda, mizigo ikapanda, mbuzi wakapanda. Miguu yangu ikakataa. Nilisimama pale na begi langu mpaka chombo kikapungua, kikawa kidogo kama kisanduku cha kiberiti.

Usiku ule nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ya maji, niliyoizoea. Ya pili mpya, na ndiyo iliyoniumiza: kwamba Mungu amenitazama akaona sina kitu ndani. Hii ya pili nimeiona kwenye uzi wako, mkuu, na hii hukupewa na ajali. Umepewa na watu.

Aliyenisaidia ni mwinjilisti mmoja mzee wa usharika niliofikia pale Mwanza. Hakunikemea wala hakunihubiria. Alinipa Biblia akaniambia nisome Matendo 27 kwa sauti, yeye anamenya karanga. Ni ile safari ya Paulo kwenda Roma, merikebu inavunjika Malta, watu 276 wote wanafika nchi kavu. Nikamaliza. Akauliza: "Kabla ya hapa Paulo alikuwa amevunjikiwa mara ngapi?" Sikujua. Akanipeleka 2 Wakorintho 11: "mara tatu nalivunjikiwa jahazi, kuchwa kucha nimepata kukaa kilindini." Waraka ule uliandikwa kabla ya safari ya Roma. Yaani anapopanda merikebu ile, mtu huyu ameshavunjikiwa mara tatu, na amewahi kukaa usiku na mchana mzima anaelea.

"Mwanangu," mzee akasema, "wewe unadhani alikuwa hayaogopi maji?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na siku zote nilimwona Paulo kama mtu wa chuma. Ni yeye huyo aliyewaandikia Wakorintho kwamba alikuwapo kwao "katika hali ya udhaifu na hofu na matetemeko mengi." Na Bwana mwenyewe kule Gethsemane, Marko anasema alianza kufadhaika sana na kuhangaika. Mkikemea roho ya hofu kwa mtu anayetetemeka, angalieni mnayemkemea.

Mtaniambia: mbona Yesu aliwauliza wanafunzi katika dhoruba, "Mbona mmekuwa waoga?" Kweli aliwauliza. Ila kwa Marko alinyamazisha upepo kwanza, akauliza baadaye. Hakuwaacha wazame mpaka imani yao ifike kiwango. (Nilipofundisha habari hii kipindi cha dini, mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, imeandikwa alilala juu ya mto, sasa alikuwa mtoni au ziwani?" Nilicheka mpaka nikatoka nje ya darasa.)

Nirudi kwa mzee. Asubuhi yake alinifuata nilikofikia, amevaa koti, ana mfuko wa rambo. Akasema tunakwenda wote. Hakuwa na shughuli yoyote Nansio. Tulikata tiketi mbili, tukakaa nje karibu na ukingo, kwa sababu nilimwambia ndani siwezi, ndani ndiko walikokuwa wanagonga. Injini ilipounguruma nikashika bomba la kiti kwa mikono miwili. Tumbo likapanda. Niliomba, lakini msidhani ni maombi ya kuandikwa. Nilikuwa narudia maneno ya Zaburi 56 tu: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku ya hofu yangu. Daudi hakusema siku hofu itakapoisha.

Tulipofika katikati, pande zote maji, mzee akafungua mfuko. Chapati mbili na mayai ya kuchemsha. Nikamwambia siwezi kumeza. Akasema, "Paulo aliwaambia wale." Na kweli, kabla hawajavunjikiwa Paulo alitwaa mkate, akashukuru mbele ya watu wote, akaumega, akala, wote wakachangamka. Nikala yai. Mkono wangu mmoja ulibaki kwenye bomba, wa pili ukashika yai. Mume wangu alikuwa gatini Nansio, na mzee akaniacha kwake kama bibi harusi anayekabidhiwa mara ya pili, akarudi Mwanza na chombo kilekile.

Hofu haikuisha siku hiyo. Nimevuka mara nyingi tangu hapo na bado viganja vinalowa. Kilichobadilika ni kwamba zamani hofu ilikuwa inatoa amri, sasa inatoa maoni. Naisikiliza, kisha naamua.

Na kuna siku niliisikiliza, hii lazima niieleze, maana humu mnachanganya ujasiri na kujitoa kafara. Mwaka 2021 nilikuwa natoka msibani kwenye kisiwa kimoja kidogo, niko na wanafunzi wangu wawili. Saa kumi jioni, upepo umeshaanza kuvuma. Mtumbwi wa injini ulikuwa mwaloni unapakia. Wakaingia watu, yakaingia magunia ya dagaa, ikaingizwa pikipiki, wakaingia watu tena. Nilikuwa nimeshakaa. Niliweka kiganja juu ya ukingo wa mtumbwi na kukiacha kining'inie upande wa nje: ncha za vidole zikagusa maji. Jaketi okozi nilihesabu mawili, moja kalikalia nahodha.

Nikasema, "Kaka, punguza mzigo au watu." Akacheka. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mwalimu, si umeokoka wewe? Mtegemee Mungu." Watu wakaitikia amina!

Nikasimama, nikawashika watoto mikono, tukashuka. Maji yalinifika magotini. Mkuu, kupanda kivuko na yule mzee kulikuwa kugumu, lakini kushuka pale mbele ya watu wote kulikuwa kugumu zaidi, maana nilijua wataniita nani. Tulilala kwa mama mmoja mkaanga samaki, kwenye mkeka, mbu wakatumaliza. Tulivuka asubuhi ziwa likiwa limetulia.

Ule mtumbwi ulifika salama. Nasema ukweli, sitaki kuupamba ushuhuda. Ulifika, na Jumatatu shuleni nilichekwa. Nikiambiwa nichague tena leo, nitashuka tena. Shetani alipomweka Yesu juu ya kinara cha hekalu alimtolea andiko kabisa, malaika watakuchukua mikononi mwao. Jibu likawa usimjaribu Bwana Mungu wako. Na ule mstari mnaompiga nao ndugu yetu, 2 Timotheo 1:7, usomeni mpaka mwisho: Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi. Nguvu mnaitangaza, upendo mnautaja, kiasi mnakiruka. Hata Paulo aliwaonya mapema kwamba safari ile ina madhara. Akida akawasikiliza nahodha na mwenye merikebu. Baadaye malaika akamwahidi kwamba hakuna atakayepotea, na bado mabaharia walipotaka kutoroka na mashua Paulo alisema hawa wasipobaki ndani hamtaokoka. Ahadi anayo, na mabaharia anawahitaji.

Kwa hiyo kwako, mkuu. Usianze na safari ya kijijini. Tafuta mtu mmoja, asiwe wa kukukemea, awe wa kukaa kiti cha pembeni. Pandeni daladala vituo viwili, mshuke, mnywe chai, mrudi. Wiki ijayo vituo vitano. Ukitaka basi la mkoani, chagua la mchana, kaa unapotaka wewe, funga mkanda, na dereva akikimbiza fungua mdomo, useme kwa sauti. Unayo haki hiyo na umeilipia. Kama usiku bado unasikia vioo vikivunjika, nenda hospitali ya mkoa uulize watu wa afya ya akili. Daktari aliyekufunga mkono hukumwona kama adui wa imani. Na beba kitu cha kula.

Mama yangu hajawahi kuja Ukerewe. Miaka yote hii tunakutana Mwanza, mimi nikitokea majini, yeye akitokea Shinyanga. Sijamwambia hata siku moja kwamba hana imani, na ni yeye aliyenifundisha kuomba. Kila nikivuka namtumia ujumbe wa neno moja, "Nimeshuka," na najua amekaa na simu mapajani tangu chombo kilipong'oa nanga.

Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 hivi juu ya maji. Mwezi uliofuata Mama akapanda basi la Mwanza na kumwambia konda ampitishe Geita. Alinipigia wakiwa katikati ya daraja. Hakusema lolote, nilikuwa nasikia tu tairi zinavyogonga maungio ya zege, tap, tap, tap. Kisha sauti ikabadilika, nikajua wamefika upande wa pili, ndipo akasema, "Nimeshuka."