Barua ya Polisi Kuhusu Jirani Mpya: Kuisoma Orodha ya Wahalifu wa Ngono Marekani

Mzazi aliyehamia Marekani kutoka Nakuru, Bukavu au Tanga hushtuka anapoambiwa kwamba picha, jina na mtaa wa mtu aliyehukumiwa kwa kunajisi mtoto viko kwenye tovuti ya serikali, bure, na yeyote anaweza kuvitazama. Mshtuko huo hauna madhara. Hatari huja baadaye, anapoandika anwani yake, akakuta ukurasa mtupu, akashusha pumzi na kumwacha mtoto kwa jirani. Ukurasa huo unaweza kuwa mtupu kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo si za kumtuliza mtu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Daftari ni kumbukumbu za polisi: aliyehukumiwa huenda kujiandikisha, hueleza anakolala, anakofanya kazi, anakosoma na gari analoendesha. Taarifa kwa jamii ni ile sehemu ya daftari ambayo sheria inaruhusu wewe na mimi tuione. Daftari lilianza kuwa lazima kwa majimbo yote mwaka 1994, kwa sheria iliyopewa jina la Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11 aliyetekwa mwaka 1989 huko St. Joseph, Minnesota. Taarifa kwa jamii ikawa lazima mwaka 1996, baada ya Megan Kanka, msichana wa miaka 7 wa New Jersey, kuuawa na jirani aliyekuwa na hukumu za awali ambazo wazazi wake hawakuzijua. Mwaka 2006 Bunge la nchi lilijaribu kuleta viwango vya pamoja: madaraja matatu, ya kubaki kwenye daftari miaka 15, miaka 25 au maisha, kufika polisi ana kwa ana mara moja kwa mwaka, kila miezi 6 au kila miezi 3, na kuripoti mabadiliko ya makazi au kazi ndani ya siku 3 za kazi. Majimbo mengi hayakuvifuata vyote. Ndiyo maana ushauri wa binamu yako aliyeko Texas unaweza kukupotosha ukiwa Minneapolis, jimbo la Minnesota.

Minnesota ni mfano mzuri, maana Waswahili ni wengi kule na watu wengi huielewa vibaya. Daftari lenyewe linatunzwa na idara ya upelelezi ya jimbo, na si la umma. Mtu anapokaribia kutoka gerezani, kamati humpima na kumpa ngazi. Ngazi ya 1 inajulikana kwa polisi, waathirika na mashahidi. Ngazi ya 2, polisi wanaweza kuzijulisha shule, vituo vya kulelea watoto na watu wengine ambao huenda akakutana nao. Ngazi ya 3 ndiyo inayotangazwa kwa wote: unaitishwa mkutano, inagawiwa karatasi yenye picha, na jina linawekwa kwenye tovuti ya idara ya magereza. Hata hapo huoneshwi namba ya nyumba. Unaelezwa yuko karibu na makutano gani ya barabara. Na wapo ambao hawakufungwa gerezani bali walipewa kifungo cha nje. Hao hawapitii kamati ile, kwa hiyo hawana ngazi yoyote. Wamo kwenye daftari la polisi, lakini wewe huwaoni.

Ukivuka kwenda jimbo jingine namba hizo hubadilika maana. Katika viwango vya mwaka 2006 daraja hufuata aina ya kosa. Minnesota, New Jersey na Massachusetts hupima uwezekano wa mtu kurudia. Mtu mmoja anaweza kuwa namba 1 hapa na namba 3 kule, bila yeye kubadilika hata kidogo. Kabla ya kuogopa namba, au kutulizwa nayo, soma ukurasa wa maelezo wa jimbo lako. Kwa kawaida umefichwa chini kabisa, na watu hawaufungui.

Kutafuta kwenyewe. Anza na tovuti ya kitaifa ya Wizara ya Sheria, NSOPW.gov. Kubali masharti, kisha chagua: jina, au anwani pamoja na umbali hadi maili 3. Tovuti hiyo haina orodha yake yenyewe. Inapiga hodi kwenye tovuti za majimbo, wilaya za visiwa na mataifa ya Wenyeji wa Asili, halafu inakuletea majibu. Jimbo ambalo mtambo wake umezimika siku hiyo halitajibu. Tovuti itakuonesha ni lipi halikujibu, lakini maandishi hayo ni madogo. Yatafute kabla ya kufunga ukurasa, na ukiyakuta, rudia kesho.

Halafu nenda kwenye tovuti ya jimbo, kisha ya sherifu wa kaunti yako. Hapa ndipo taarifa huwa kamili zaidi, na kaunti nyingi hukuruhusu kujiandikisha upate barua pepe mtu anapohamia karibu. Unapotafuta, usiandike anwani ya nyumbani pekee. Andika shule, kanisa au madrasa, na kwa mama anayekulelea mtoto ukiwa zamu ya usiku. Huko ndiko mtoto anakoshinda.

Ukitafuta kwa jina, jaribu kwa kupindua. Majina yetu yakipita mikononi mwa makarani wa uhamiaji hutoka yamegeuzwa: la babu limekuwa la kwanza, la kwanza limekuwa la katikati. Tafuta kwa kila mpangilio wa majina hayo. Na ukipata jibu, usirukie. Hassan Ali na John Mwangi ni maelfu. Linganisha picha, mwaka wa kuzaliwa, urefu na alama za mwilini. Kimoja kisipolingana, usihitimishe kwamba ndiye.

Ukifungua ukurasa wa mtu, acha picha kwanza. Soma jina la kosa, mwaka wa hukumu na umri wa mwathirika kama umeandikwa. Kisha tazama hali yake: ametimiza masharti, hajatimiza, au hajulikani aliko. Mwisho, tazama anwani ilithibitishwa lini. Anayefika kituoni mara moja kwa mwaka anaweza kuwa amehama tangu miezi 8 iliyopita. Wasio na makazi huandikwa mtaa tu, au hawaandikwi mahali popote. Na ukikuta majina 20 kwenye jengo moja, mara nyingi ni nyumba ya mpito ya waliotoka gerezani. Mitaa mingine imewekewa marufuku ya wao kuishi, ndiyo maana wanarundikana pale panaporuhusiwa.

Sasa tuseme barua imefika, au mkutano umeitishwa. Nenda. Piga simu siku kadhaa kabla na uombe mkalimani wa Kiswahili, maana ukiomba siku yenyewe hutampata. Mhusika mwenyewe hahudhurii. Watakaozungumza ni polisi na maafisa wa magereza, na maswali yenye faida ni haya: aliwapataje waliodhurika, kwa kuzoeana na familia au kwa kuvizia? Amekatazwa nini, na hadi lini? Afisa anayemwangalia ni nani, na nikiona amevunja sharti nimpigie nani? Swali la kwanza ndilo bora kuliko yote, kwa sababu linakuambia uangalie upande gani.

Picha ile usiitupie kwenye kundi la WhatsApp la jamii. Anwani huchakaa, ujumbe hauchakai. Atakayehamia nyumba ile mwakani atalipa deni la mwingine. Tena makosa mengi ni ya ndani ya nyumba. Ukisambaza kwamba fulani alimnajisi mtoto, ukataja na mtaa, umeshamtaja na binti yake. Kumtisha au kumfuata ni kosa la jinai katika kila jimbo, na tovuti hizo husema hivyo waziwazi. California inakwenda mbali zaidi: hairuhusu taarifa za tovuti yake zitumike kumnyima mtu kazi au nyumba, ila pale inapohitajika kumlinda aliye hatarini.

Sasa turudi kwenye ukurasa mtupu. Orodha inamjua aliyeshitakiwa, akahukumiwa, na kosa lake likabaki na jina lake. Aliyekiri kosa dogo la kupiga ili kesi iishe hayumo. Aliyehukumiwa Mwanza au Kisumu, usitegemee kumwona. Na hasa hayumo yule ambaye wazee walikaa, mbuzi zikatolewa, yakaisha kifamilia. Takwimu za Wizara ya Sheria zilizotolewa mwaka 2000 zilionesha kwamba katika kesi za watoto zilizofika polisi, takriban 7 kati ya 100 tu zilihusu mtu asiyejulikana na mtoto. Waliobaki walikuwa ndugu na watu waliozoeana. Mama yake Jacob Wetterling, aliyeipigania sheria ya mwanzo, baadaye amesema hadharani kwamba orodha zimepanuka kupita makusudi. Sisi tunaona orodha inafaa kwa kazi moja: kumchunguza mtu unayetaka kumwamini, kama mpangaji wa chumba, mlezi au kocha. Kuulinda mtaa mzima haiwezi. Mwenye wasiwasi kuhusu mtu asiye kwenye orodha apige Childhelp, 1-800-422-4453; wana wakalimani, na si lazima uwe na ushahidi.

Mambo mawili yanawahusu moja kwa moja walio Afrika Mashariki. Mmarekani, au mwenye kadi ya kijani, aliyehukumiwa kwa kosa dhidi ya mtoto kwa kawaida huzuiwa kumwombea mke au mtoto viza ya familia, mpaka serikali iridhike kwamba si hatari kwao. Ombi lililokwama miaka bila maelezo lina sababu nyingi, na hii ni mojawapo ambayo bwana harusi hatakutajia.

La pili ni kwa wenye vituo vya watoto vinavyopokea watu wa kujitolea. Tangu sheria ya mwaka 2016, Mmarekani aliye kwenye daftari kwa kosa dhidi ya mtoto anatakiwa kutoa taarifa siku 21 kabla ya kusafiri nje, na pasipoti yake huandikwa ndani maneno yanayoeleza hukumu hiyo. Omba pasipoti yenyewe, siyo nakala ya ukurasa wa picha, na upekue kurasa za nyuma. Alama haziko kwenye pasipoti zilizotolewa kabla ya utaratibu huo kuanza, wala kwa waliomaliza muda wao wa kujiandikisha. Kwa hiyo jina lake lipitishe pia NSOPW, pamoja na kila jimbo alilowahi kuishi, kabla hajakata tiketi.