Kant hakusema uzuri ni "kila mtu na lake"

Wapo wanaodai kuwa kwa Kant, mwanafalsafa Mjerumani, uzuri ni "kila mtu na lake". Hapana, hakusema hivyo. Soma kifungu cha 7 cha kitabu chake cha 1790 kuhusu uamuzi, yaani jinsi tunavyohukumu mambo. Ukisema mvinyo wa Visiwa vya Canary ni mtamu, mwenzako ana haki ya kukusahihisha: sema ni mtamu kwako. Yameisha. Lakini ukisema shairi ni zuri, kuongeza "kwangu mimi" ni kichekesho, maana hapo tayari unadai wengine wote wakubali. Ugumu ni kwamba dai hilo linatoka kwenye hisia, si kwenye kanuni, kwa hiyo huwezi kulithibitisha kama hesabu. Ila hapo anazungumzia uzuri tu. Kwenye maadili msimamo wake ni mwingine, huko sheria inatoka kwenye akili.